Vidonge vya Saa ya Habari

Jumatatu, Mei 5

Shule imefunguliwa leo, na chupa yangu nayo imefunguliwa. Kidonge kimoja kila siku kwa wiki kumi na mbili, yaani nikianza na muhula nitamaliza na muhula. Daktari aliponieleza hivyo nilimwambia basi na mimi ni mwanafunzi, mtihani wangu ni mwisho wa Julai. Hakucheka. Ni mwanamke mwenye kazi nyingi, na uso wake ni wa mtu ambaye hajawahi kushiba usingizi.

Ameniomba niwe naandika ninavyojisikia. Nimefundisha kemia miaka mingi, kuandika jaribio hakunishindi. Basi tuanze na kilichopo mezani. Mimi na mke wangu tuna virusi vya UKIMWI tangu watoto wakiwa shule ya msingi. Dawa tunameza, virusi vimelala, maisha yanakwenda. Mwaka jana ikaonekana kwamba mimi nina pia homa ya ini aina ya C. Mke wangu hana, amepimwa na kurudiwa. Niliipata wapi, kama ni sindano, wembe wa kinyozi au damu niliyoongezwa baada ya ajali, hakuna ajuaye, na daktari anasema kutafuta ni kupoteza muda. Anachojua yeye ni kwamba virusi hivi viwili vikikaa mwili mmoja ini huharibika upesi, na langu limeshaanza kuweka makovu. Likiachwa hivi halifiki mbali. Kirusi cha C kikitoka, makovu yatabaki lakini ini litanivusha.

Dawa yangu ya UKIMWI walikwisha kuibadilisha mwezi wa pili, maana ile ya zamani haipatani na hii mpya. Leo Sista wa kliniki ameniuliza kwa mara ya mwisho, "Kuna dawa nyingine yoyote unatumia, Mwalimu? Hata ya miti shamba?" Nikamwambia hakuna. Ilikuwa kweli.

Jumanne, Mei 6

Mvua. Vidonge vyote vimeshuka salama.

Jumatano, Mei 14

Kwetu dawa humezwa muziki wa taarifa ya habari unapoanza. Ndivyo tulivyokubaliana zamani ili asiwepo wa kusema amesahau. Mke wangu hukaa kulia, mimi kushoto, anagonganisha kikombe chake na changu kama watu walioko arusini, tunameza. Msomaji wa habari huwa anasema "habari za jioni" wakati maji bado yako kooni. Siku hizi mimi nina viwili na yeye ana kimoja, na ananitania kwamba mwanamume hapendi kushindwa hata kwenye magonjwa.

Lakini asubuhi hatanii. Nikitoka kuoga ananivuta dirishani, "Geuka huku kwenye mwanga," ananivuta kope ya chini kwa kidole gumba na kuangalia weupe wa jicho. Kaka yake, shemeji yangu, alikufa na hali hii hii, ya virusi viwili, kabla dawa hii haijafika kwetu. Mke wangu ndiye aliyemuuguza. Yeye aliona manjano machoni kabla ya mtu mwingine yeyote, akaambiwa anatia chumvi.

Kinachonisumbua ni kiungulia. Kinapanda kifuani baada ya kumeza na kukaa hapo kama mgeni asiyejua kuaga. Sikumwambia, lakini ameniona najisugua kifua.

Alhamisi, Mei 15

Ameninunulia vidonge vya kutafuna, vile vyeupe vya kiungulia, ladha ya mnanaa. Nimetafuna kimoja baada ya habari. Nimelala usingizi mtamu.

Alhamisi, Mei 22

Katika chumba chetu cha walimu hatuitani majina. Kila mtu huitwa somo lake. Mimi ni Kemia. Anayekaa meza ya pili kutoka yangu ni Jiografia, mtu mnene, mdomo haukai. Leo mbele ya wenzetu wote kasema, "Kemia, suruali hiyo inayokupwaya ulikopa? Maana naona mwenyewe bado anaitafuta." Wakacheka, na mimi nikacheka.

Baadaye nikamwona anachungulia begi langu nilipokuwa nafungua chupa ya maji. Sijamwambia mtu hapa shuleni habari za afya yangu. Sipendi kusumbua watu na sipendi watu wanisumbue. Lakini Jiografia ana macho, na nina hakika ananichunguza ili apate la kupeleka kwa mkuu wa shule. Nafasi ya makamu mkuu wa shule itakuwa wazi mwakani na sote wawili tunaitaka.

Halafu akaja na sura ya upole, "Nipe kimoja cha mnanaa, ndugu yangu. Chai ya hapa inaniunguza." Nikampa. Pakiti inakaa mfukoni mwa koti langu. Mke wangu huiweka hapo kila asubuhi.

Jumapili, Mei 25

Mvua haikati. Paa la maabara linavuja juu ya kabati la asidi. Nimepita shuleni kuweka ndoo.

Jumanne, Juni 3

Uchovu. Si ule wa kazi, huu unaanza kabla ya kazi. Nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili nikiwa nimekaa chini, mgongo ukutani, kwa sababu kiti kilikuwa kirefu mno kwangu. Kiungulia kinarudi mchana sasa. Natafuna kimoja baada ya chai, kingine baada ya chakula, na kile cha saa ya habari ambacho mke wangu ananipa kwa mkono wake, papo kwa papo, maji yakiwa bado mdomoni. "Kabla hakijaanza kukusumbua," anasema. Ananijua kuliko ninavyojijua.

Jumatatu, Juni 9

Nimetolewa damu kliniki. Sista kauliza kama nina shida yoyote. Foleni ilikuwa mpaka mlangoni, akina mama wenye watoto wamesimama. Nikasema niko sawa, nikampisha mwingine.

Jumanne, Juni 17

Leo nimeitwa kabla ya siku yangu. Mtu akiitwa kliniki kabla ya siku yake anajua.

Daktari alikuwa na majibu mbele yake. Hakuniambia niketi, nikaketi mwenyewe. Akasema virusi vya UKIMWI, vilivyokuwa havionekani kwenye damu yangu miaka yote hii, vinaonekana. Vya homa ya ini vimeshuka, lakini si kwa kiwango kinachotakiwa mtu akiwa katikati ya dozi. Kisha akavua miwani.

"Mwalimu, unameza?"

"Nameza, daktari."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mke wangu shahidi."

"Watu wengi wameniambia hivyo kwenye kiti hicho." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angefoka. "Dawa hii tumeipata kwa tabu. Ikishindwa kwako ipo nyingine ya pili, lakini haiko hapa, tutaiomba na kusubiri. Na ini lako halina muda wa kusubiri sana. Nataka tuelewane."

Nikasema tumeelewana. Mtu mzima wa umri wangu, mwalimu, naambiwa muongo kwa ustaarabu, na sina cha kujitetea, maana damu yenyewe ndiyo iliyonishitaki.

Nyumbani sikuweza kuficha uso. Mke wangu akanitoa maneno yote. Halafu akauliza swali lile lile la daktari, tena kwa sauti ya chini zaidi: "Unameza kweli, baba watoto?" Tumeoana tangu ujana wetu. Swali hilo liliniuma kuliko majibu.

Jumatano, Juni 18

Amehamisha kiti chake. Sasa anakaa mbele yangu, si pembeni. Hatugonganishi vikombe. Nikishameza anasema, "Fungua." Nafungua mdomo, nainua ulimi, anaangalia huku na huku. Akiridhika ananipa kidonge cheupe, na macho yake hayaniachi mpaka nimekitafuna chote.

Ijumaa, Juni 20

Fungua. Nikafungua.

Jumanne, Juni 24

Nimeanza kumchukia, na naliandika neno hilo nikijua uzito wake. Nasikia nyayo zake muziki wa habari unapokaribia na mwili wangu unakakamaa. Ananihesabu kama marehemu ambaye bado hajalala chini. Jana nimemsikia jikoni akiongea na dada yake kwenye simu: "Ilianza hivi hivi kwa kaka. Hivi hivi." Nilipoingia akasema anaongelea bei ya gesi.

Vifundo vya miguu vimevimba kidogo. Soksi zinaacha alama. Mwili unawasha jioni, hasa viganjani. Yeye haya yote ameyaona, nami najua ameyaona, na hakuna anayesema. Shuleni mvua imeingia chumba cha mitihani. Mkuu wa shule kaniuliza mbele ya watu kama nitamaliza mtaala. Nikamwambia nitamaliza.

Jumatatu, Juni 30

Nilianguka darasani. Hapana, sikuanguka, nilikaa ghafla. Jiografia alikuwa anapita nje, akaingia, akawaambia wanafunzi, "Mwalimu wenu anawaonyesha nguvu ya uvutano, andikeni," akanitoa nje kwa kunishika kiwiko kama tunakwenda kunong'onezana. Alinikalisha kwenye stoo ya ramani na kufunga mlango.

Nikasubiri maswali. Hakuuliza hata moja. Akasema, "Vipindi vyako vya alasiri wiki hii nitavishika mimi. Kemia sijui, lakini kelele zao nazijua." Nikamwambia mkuu wa shule atauliza. "Nitamwambia tumebadilishana. Mimi sijaona kitu, Kemia. Tangu mwezi wa tano sijaona kitu."

Kumbe alikuwa ameona kila kitu. Muhula mzima nimemdhania adui, mtu wa watu aliyekuwa anajitahidi kunichekesha. Nimeona aibu.

Ijumaa, Julai 4

Nitaandika polepole.

Kipindi cha pili, kidato cha pili, asidi na besi. Somo hili ninalifundisha kila mwaka kwa namna ile ile, hata walimu wenzangu wanalijua. Siku hiyo sihitaji kemikali ya kabatini, natumia kitu wanachokiona nyumbani. Nikaweka asidi kidogo ndani ya bika ya kioo, nikatumbukiza karatasi ya buluu ya litmasi, ile ya kupimia asidi, ikawa nyekundu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kidonge cheupe, nikakiponda kwa kijiko na kukimwaga ndani. Mapovu yakapanda. Darasa likasogea mbele, huwa wanapenda mapovu. Yakatulia. Nikatumbukiza karatasi nyingine ya buluu, haikubadilika rangi.

"Asidi imekwenda wapi?" nikauliza, kama ninavyouliza kila mwaka.

"Imekwisha nguvu," wakajibu kwa pamoja.

"Na tumboni asidi ina kazi gani?"

"Kuyeyusha tunachokula."

"Na tunachomeza," nikamalizia. Hivyo ndivyo ninavyomalizia kila mwaka.

Nikasimama hapo na kijiko mkononi. Mwanzoni sikuhisi hofu, nilihisi tu kwamba kuna mtu amezima feni. Nikaangalia bika. Nikamwona mke wangu mbele yangu, kiganja kimefunguliwa, kidonge cheupe katikati yake, saa ya habari. Kila siku tangu katikati ya Mei. Na cha baada ya chai, na cha baada ya chakula. Mapovu yale yote yalikuwa tumboni mwangu, na dawa inayohitaji asidi ili iingie mwilini ikaikuta asidi imekwisha kazi. Nimesimama mbele ya ubao miaka yote hii nikiwafundisha watoto wa watu jambo hili.

Niliwaambia wachore jaribio, nikatoka, nikaenda kliniki kwa miguu kwenye mvua. Sista akaniona, akataka kunipa kitambaa, nikampa pakiti. Aliisoma mgongoni, akaketi. Akaenda kumwita daktari.

Daktari hakunilaumu, na hilo lilinitia hofu zaidi. Akasema kumbe ndiyo hii. Vidonge vya namna hii huizuia dawa ya ini isiingie vizuri, na ile ya UKIMWI huikamata tumboni na kutoka nayo. Dawa zote mbili, kwa mpigo mmoja. "Nilikuuliza dawa nyingine," Sista akasema, karibu alie. Nikamwambia hiki sikukihesabu kuwa dawa. Pale shuleni tunavila kama peremende.

Daktari ameniambia niache leo hii, nimalize dozi iliyobaki, na tutaona. Kiungulia kikizidi nimwambie yeye, atanipangia. Nilipouliza kama bado kuna nafasi alisema, "Ipo," halafu akaandika kwa muda mrefu bila kuinua kichwa.

Jioni nilirudi nyumbani na uamuzi. Mke wangu hatajua. Aliyemzika kaka yake kwa ugonjwa huu hatasikia kutoka kwangu kwamba mkono aliokuwa akiniponyesha nao ndio uliokuwa ukinirudisha nyuma. Muziki ukaanza. Nikameza. Fungua. Nikafungua. Akanipa kidonge cheupe. Nikakitia mdomoni, nikageuka kukohoa, nikakitemea kwenye leso.

Jumatatu, Julai 7

Leso.

Alhamisi, Julai 10

Leso. Amesema nimeanza kukohoa sana, labda kifua. Anataka twende kupima kifua.

Jumatano, Julai 16

Kiungulia ni moto mtupu. Natembea uani mpaka kipungue. Yeye anaamini kidonge kimekwisha kufanya kazi, anashangaa nazunguka nini. Simchukii tena. Namwonea huruma mpaka najisikia vibaya kumwangalia, naye anadhani nimemkasirikia.

Ijumaa, Julai 25

Shule imefungwa. Jiografia kaniletea mitihani ya kidato cha pili ikiwa imesahihishwa, kwa mwongozo wangu. Swali la litmasi wamelipata wote.

Jumapili, Julai 27

Kidonge cha mwisho cha ini. Mke wangu kashika chupa tupu, kaitikisa sikioni, kaniangalia. Kesho damu.

Jumanne, Agosti 5

Alisema anakuja, na mimi sikuwa na namna ya kumkataza. Tukaketi wawili mbele ya daktari, Sista amesimama mlangoni.

Virusi vya UKIMWI vimelala tena, havionekani. Mke wangu akashika mkono wangu chini ya meza. Vya homa ya ini bado vipo. Daktari alisema neno hilo, "bado vipo," kisha akalirudia, na mkono wa mke wangu ukabaki pale pale lakini sikuuhisi tena. Maombi ya dawa ya pili yatapelekwa leo. Inaweza kuja baada ya miezi, inaweza kuchelewa. Wakati huo ini litakuwa linaangaliwa kwa karibu.

"Kwa nini?" mke wangu akauliza. "Nilimsimamia mwenyewe. Kila siku, mdomo wazi. Kwa nini?"

Daktari akaniangalia. Alidhani nimeshamweleza. "Ni vile vya kiungulia, mama. Siwezi kuapa kwamba ni hivyo tu, lakini vilichangia. Mwalimu alikuja mwenyewe kutuambia mwezi wa saba."

Nikawahi. "Nilikuwa navipata shuleni," nikasema. "Chumba cha walimu, tunagawana pale. Ni uzembe wangu."

Mke wangu akafungua mkoba wake. Akatoa pakiti, mpya, haijafunguliwa, akaiweka juu ya meza ya daktari. "Ni mimi," akasema. "Nilikuwa nampa mimi. Asubuhi namtilia mfukoni, jioni nampa mkononi. Andika hivyo, daktari, ili mwingine akija na mke wake umuulize na mke."

Sista akatoka nje. Daktari akaandika.

Tulirudi kwa miguu. Mvua ilikuwa imekatika kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi na watu wameanika nguo mpaka kwenye uzio wa kituo cha mafuta. Tulipofika nyumbani hakuvua viatu. Alisimama katikati ya sebule na mkoba begani.

"Tangu mwezi wa saba ulikuwa unavipeleka wapi?"

"Kwenye leso."

"Na moto kifuani?"

"Nilivumilia."

"Ulivumilia." Akalitamka kama neno analolisikia kwa mara ya kwanza. "Sista anakuuliza una shida gani, unamwambia niko sawa. Mimi nakupa sumu, unasema asante, unakohoa kistaarabu. Kaka yangu alikuwa hivyo hivyo. Hakutaka kutusumbua. Tumemzika hajatusumbua." Akahamisha mkoba bega la pili. "Nikikosea niambie nimekosea. Nitalia, nitapona. Lakini usinifie kwa adabu, Mwalimu. Hilo sitakusamehe."

Akaingia chumbani na kufunga mlango. Nikasikia anavua viatu, kimoja, halafu kingine.

Jumatano, Agosti 6

Alasiri. Yuko uani anafua leso zangu zote. Tangu asubuhi ubavu wa kulia unaniuma, chini ya mbavu, maumivu mapya ambayo sikuwa nayo.

Nimetoka nje, nimemwambia.